Mtoto Aliyelala Nyumba Tatu

Kuanzia adhuhuri ya Ijumaa hadi adhuhuri ya Jumapili, katika ua wa Yuliana pale Nyakato hapakosekani mtu anayesali. Ijumaa, Mama Sikudhani wa chumba cha pili hutandika mkeka wake nyuma ya tangi la maji. Jumamosi, Samwel, mkwe wa Yuliana, akiwa amekuja kutoka Bunda, huvaa suti yake ya kijivu na kwenda kwa Wasabato wenzake, na simu yake haipatikani mpaka jua lizame. Jumapili kabla hakujapambazuka vizuri, Dotto wa chumba cha tatu huanza nyimbo zake za Kisukuma akichota maji, na Yuliana mwenyewe hufunga kichwani kitambaa cha WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, na kushika njia ya misa ya kwanza.

"Mungu hapati likizo katika ua huu," Yuliana hupenda kusema, na husema kwa sauti ya mtu anayejivunia shamba.

Ua wenyewe si mkubwa. Ni nyumba ndefu ya matofali yenye milango mitatu, ambayo marehemu mume wake, Masatu, aliijenga kwa miaka mingi ya samaki. Mlango wa kwanza ni wa Yuliana, na miwili inayofuata ni ya wapangaji. Mama Sikudhani, mzaliwa wa Ujiji, hukaanga vitumbua. Dotto, mwanamke aliyetoka upande wa Magu, hununua dagaa alfajiri mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, na kuwauza wakiwa wamekauka. Ugomvi wa ua huo ni wa moshi na harufu. Wa dini haujawahi kutokea.

Yuliana alizaliwa Butiama mwaka 1958, katika boma la Mzee Isidori, mfugaji na mkulima wa ulezi, mahali ambapo mawe makubwa yamepandana kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga akaondoka bila kueleza sababu. Nyumbani walisema Kizanaki. Kiswahili alikikuta shuleni. Alipoolewa na Masatu wa Mugango, alikuta Kijita kinamngojea mlangoni pamoja na mama mkwe. Akajifunza lugha hiyo kama mwanamke ajifunzavyo nyumba ya ugenini: kwanza majina ya vyombo, halafu matusi, mwisho kabisa vichekesho. Kutoka Butiama hadi ziwani ni mwendo wa siku moja kwa mtu mwenye mzigo mwepesi, na katika siku hiyo moja msafiri hubadili salamu zaidi ya mara mbili. Jambo hilo lilimstaajabisha alipokuwa msichana, na uzee haujaupunguza mshangao wake. Watu wengi namna hii, husema, katika kipande kidogo namna hii, na kila mmoja ana neno lake la kumwita mama.

Lakini kuna jambo moja ambalo lugha zote hizo alizoziishi zilimfundisha kwa kauli moja: vilivyo hai havihesabiwi.

Baba yake hakuhesabu ng'ombe. Jioni alisimama kando ya lango la zizi, fimbo begani, akawatazama wakiingia, huyu mwenye baka shingoni, yule mvivu, yule aliyevunjika pembe. Asiporudi mmoja, alijua ni yupi kabla hajajua ni wangapi waliobaki. Watoto nao walikuwa hivyo hivyo. Kumtajia mtu idadi ya watoto wako ni kumfungulia mauti ghala na kumwambia achague.

Yuliana alikuwa na umri wa miaka tisa pale mhesabu watu wa Serikali alipofika Butiama, katika sensa ya mwaka 1967. Anakumbuka meza ndogo iliyotolewa nje, na baba yake akiwa amevaa koti. Mgeni aliuliza kabila. "Mzanaki," baba akajibu upesi. Akauliza dini. Hapo Mzee Isidori alinyamaza kidogo, kwa sababu alikuwa amebatizwa mwaka uliotangulia na bado alikuwa akipeleka mchango wake kwa wazee wa mvua.

"Andika Mkatoliki," alisema hatimaye. "Lakini andika polepole."

Mgeni akauliza idadi ya watoto. Baba akasema, "Wapo." Mgeni akauliza tena. Baba akasema tena kwamba wapo. Kisha, alipoona mgeni wa watu anatoka jasho, akawaita watoto wote ndani ya nyumba na kuwaamuru watoke mmoja mmoja, naye akimtaja kila mmoja kwa jina anapovuka kizingiti. "Sasa kalamu ni yako," alimwambia mgeni, "na hesabu ni yako. Mimi nimewataja wanangu tu."

Yuliana angeyafuata hayo, asingekuwa na la kujutia. Lakini sensa ya mwaka 1988 ilimkuta Mugango akiwa na miaka thelathini, amemaliza darasa la saba, ana redio, na anaona haya kuonekana mshamba mbele ya karani aliyevaa saa. Alipoulizwa ana watoto wangapi, alijibu palepale, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni: "Sita!"

Mama mkwe aliuangusha ungo aliokuwa akipepetea.

Kabla ya Pasaka iliyofuata, surua ilipita kijijini. Ilichukua watoto wa watu wengi, na katika nyumba ya Masatu ilimchukua Edwin, kisha ikamchukua Boke. Mama mkwe hakusema neno hata moja la lawama mpaka akafa, na ukimya huo ulimlemea Yuliana kuliko lawama. Tangu hapo, mtu akimwuliza ana watoto wangapi, hujibu kama baba yake: wapo. Na majina ya wale wawili hayakutajwa tena ndani ya nyumba ile, hata na Dorah, kitinda mimba aliyezaliwa baadaye, ambaye alikua akijua tu kwamba mbele yake walikuwepo watu wasiotajwa.

Dorah ndiye aliyeolewa Bunda, kwa Samwel, fundi wa mitambo katika kinu cha kuchambua pamba. Watoto wake wawili wa kwanza walizaliwa hai na hawakukaa. Wa kwanza aliondoka kabla kitovu hakijadondoka. Wa pili aliwahi kucheka. Mimba ya tatu ilipofika mahali pa kutia hofu, Samwel mwenyewe alimleta mkewe Nyakato, akamkabidhi kwa mama yake, akasema, "Mama, kule kwetu nyumba imezoea kilio. Hebu akae huku." Mwanzoni mwa Agosti mwaka 2022, Dorah akajifungua mtoto wa kiume, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

Na mwezi huohuo nchi nzima ilikuwa ikijiandaa kuhesabiwa.

Redio haikuwa na habari nyingine. Kila baada ya wimbo, sauti ilikumbusha kwamba atahesabiwa kila atakayekuwa amelala nchini usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe ishirini na tatu, na kwamba atahesabiwa pale alipolala. Yuliana aliyasikia maneno hayo akiwa anamkanda mjukuu kwa maji ya vuguvugu, na mikono ikasimama.

"Pale alipolala," alirudia.

"Ndiyo, mama," Dorah akasema. "Na mimi nataka ahesabiwe."

"Huyu hatahesabiwa."

"Mama..."

"Nilishahesabu mara moja, Dorah. Nikalipa."

Ilikuwa mara ya kwanza Dorah kumsikia mama yake akilitaja jambo hilo hata kwa nusu neno, na hakuthubutu kuendelea.

Ndipo Yuliana akakumbuka dawa ya zamani. Mtoto anayezaliwa nyuma ya waliokufa hutupwa. Hulazwa kwenye ungo kando ya njia, na mtu wa damu nyingine, ikiwezekana mtu wa lugha nyingine, hupita na kumwokota na kutangaza kwamba amepata mtoto. Mauti yakija kuuliza mtoto wa nyumba ile yuko wapi, yatajibiwa kwa lugha yasiyoizoea mlangoni hapo, na yatapita. Baadaye, mambo yakishatulia, mama humkomboa mwanawe kwa konzi ya ulezi. Padri asingelipenda jambo hilo. Yuliana alijua, na akaamua kwamba atamweleza padri mtoto akishaota meno.

Jumatatu jioni, jua likiwa bado juu ya bati, mtoto alilazwa kwenye ungo langoni. Dotto, aliyekuwa ameshaelezwa, alipita na beseni kichwani, akapiga kelele kama aliyekanyaga chatu.

"Yalaaa! Nani katupa kitu kizuri hivi? Mimi nimeokota! Watu wa Nyakato, nimeokota mtoto!"

"Punguza sauti, watakuja polisi," Mama Sikudhani alimwambia kutoka kwenye karai la vitumbua.

"Waje! Mwanangu huyu. Hamuoni pua?"

Usiku ule mtoto alilala chumba cha tatu. Dorah alikuwa akienda kumnyonyesha na kurudi kwa mama yake. Alfajiri Dotto alipotaka kuwahi mwaloni, alimpitisha mtoto chumba cha pili, na Mama Sikudhani akampokea kwa Bismillahi na kumlaza kando yake. Asubuhi Yuliana alimrudisha kitandani kwa Dorah. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Usiku wenyewe wa kuhesabiwa ulikuwa umepita, na mjukuu wake hakulala chini ya dari lake.

Karani alifika Nyakato Alhamisi. Aliitwa Esther, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwenye kizibao cha kazi na kishikwambi mkononi, akiongozwa na Jastin, mjumbe wa mtaa, mtu asiyejua kutembea bila kuongea. Yuliana alikuwa amekwenda sokoni kwa makusudi, ili awe wa mwisho. Aliporudi alasiri aliwakuta wamekaa uani pake, wapangaji wote wapo, na Dorah amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," Esther alisema akiinuka.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa kwenye kigoda."

"Mama Stani," Jastin akamdakia Yuliana kwa jina la mwanawe wa kwanza, "leo huchomoki. Hata nyumbu wa Serengeti wanahesabiwaga kwa ndege, sembuse wewe uliye na nyumba ya bati!"

"Nyumbu hawana mama mkwe," Yuliana alijibu, akakaa.

Alikuwa amejiandaa. Njiani kutoka sokoni alikuwa ameyapanga majibu yake, Mzanaki kwa baba, Mjita kwa mume, Mkatoliki tangu utotoni. Esther alimwuliza jina, umri, elimu, nyumba ina vyumba vingapi, maji yanatoka wapi. Yuliana alingoja.

"Huulizi kabila?" alisema mwishowe.

"Halimo, mama."

"Na dini?"

"Nayo haimo. Wanasema mara ya mwisho kuulizwa ilikuwa sitini na saba. Mimi hata mama yangu alikuwa hajazaliwa."

Yuliana alimtazama binti yule kwa muda. Alimwona baba yake katika koti lake, akisitasita kati ya padri na mvua. Kumbe yeye, mtoto wa miaka tisa, alikuwa amesimama pale swali lile likiulizwa kwa mara ya mwisho, na hakuna aliyemwambia kwamba ni la mwisho. Nchi ilikuwa imelifunga kimya kimya, kama mtu afungavyo dirisha bila kuwaamsha waliolala.

"Basi wanaoniuliza wanataka nini?" alisema.

"Wanataka kujua upo, mama. Tuendelee. Usiku wa kuamkia Jumanne, nani na nani walilala katika kaya hii?"

"Mimi, na huyu binti yangu Dorah."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

Mtoto alilia ndani, akalia kwa nguvu zake zote, na Jastin akainamisha uso kwenye kofia yake ili asionekane anavyocheka.

Esther hakucheka. Aliweka kishikwambi magotini. "Mama, naomba unisaidie. Chumba cha tatu nimeambiwa alilala mtoto mchanga wa kiume. Nimeandika. Chumba cha pili nimeambiwa alilala mtoto mchanga wa kiume. Nimeandika. Nikasema, huu ua umebarikiwa. Nikaomba niwaone watoto hao. Wapangaji wako wote wawili wakanionyesha mlango wako."

Yuliana aligeuza kichwa taratibu.

"Dotto?"

"Mama, mimi ni mwokotaji," Dotto alisema akiwa ameshika kiuno. "Aliulizwa nani kalala kwangu. Ningesema hakulala? Kunikojolea amenikojolea, halafu nimkane?"

"Ulimwokota, ukamwacha alfajiri ukakimbilia dagaa zako," Mama Sikudhani alimkata. "Nani kabaki naye? Nani kamfunika? Mimi kwa Mwenyezi Mungu sisemi uongo, mama. Alilala kwangu, nimesema alilala kwangu. Kama ni kosa, ni kosa la ukweli."

Wakati huo simu ya Dorah iliita. Alikuwa Samwel, na furaha yake ilisikika hata kabla Dorah hajaibana sikioni.

"Mama watoto! Tumeshahesabiwa huku Bunda!"

"Tumeshahesabiwa nani?"

"Familia! Mimi, wewe na dume letu. Karani kaniuliza, nikamwambia mke wangu na mwanangu wapo, wako safarini tu kidogo. Wa kwangu ataachwaje?"

Dorah aliishusha simu. Mafuta ya vitumbua yaliendelea kuchemka peke yake.

"Na Bunda," Esther alisema kwa upole. "Basi huyu mtoto, mpaka dakika hii, ni watu watatu."

 Yuliana alikuwa ametaka mauti yasisikie hata mara moja, na sasa yalikuwa yameambiwa mara tatu, katika miji miwili. Alikuwa amemficha mtoto ndani ya lugha za watu wengine, na watu hao wamemtoa nje wakamtangaza, kila mmoja akisema ni wetu. Aliwatazama. Dotto bado ameshika kiuno, tayari kugombana. Mama Sikudhani amekaza ushungi. Hakuna aliyewalipa. Hakuna damu yake iliyomo ndani yao. Alikuwa ameomba wamzuge mauti kwa usiku mmoja tu, na wao wakachukua jambo hilo kwa uzito wa kweli, mpaka wakamdai mtoto mbele ya Serikali.

"Nifute wapi, na nibakize wapi?" Esther aliuliza. "Mtoto mchanga anaandikwa pamoja na mama yake. Dorah alilala hapa?"

"Nililala hapa," Dorah alisema.

"Basi ni wa hapa, na Bunda nitawapigia wenzangu warekebishe. Ila mkuu wa kaya ndiye anayetamka, na mkuu wa kaya ni wewe, mama."



"Mama," Dorah akasema, akasogea na kusimama mbele ya mama yake. "Wale wangu wawili hawakuhesabiwa. Hakuna aliyewataja kwa mtu, hakuna aliyewaandika, sikumwambia mtu hata mmoja nina watoto wangapi. Nilifuata ulivyonifundisha. Na walikwenda. Kama hesabu ndiyo inayoua, wale waliuawa na nini?"

 Kwa zaidi ya miaka thelathini Yuliana alikuwa amejiuliza maswali yote kuhusu vifo viwili vya Mugango, isipokuwa hilo.

Esther alipitisha kidole kwenye kioo cha kishikwambi, kama mtu anayetafuta la kufanya wakati wenye msiba wanaongea. "Dorah," alisema, "kuna swali lako linakuja. Nisamehe, ndivyo lilivyo. Katika maisha yako yote, umezaa watoto wangapi wakiwa hai? Wote. Hata wale ambao sasa hawapo."

Dorah alimkazia macho. "Hata hao?"

"Hata hao."

"Nchi inawauliza hao?"

"Inawauliza. Wanaume na wanawake, walio hai na wasio hai. Kila mwanamke, dada. Kuanzia Kagera mpaka Mtwara, wiki hii yote, makarani wanauliza swali hili hili. Wengine wanaulizwa wakalimani wakiwa pembeni, maana Kiswahili hawakijui."

"Watatu," Dorah alisema. Kisha akasema tena, bila kuulizwa, kana kwamba anajisikiliza. "Mimi nimezaa watatu."

Hakulia. Alisimama wima zaidi kuliko alivyokuwa.

Yuliana ndiye aliyeinamisha kichwa. Alikuwa akiwaza wanawake. Aliwaona kwa wingi ambao kichwa chake hakikuwa kimewahi kuuchukua, wanawake wa nyanda asizozijua, wenye lugha zaidi ya mia ambazo asingezielewa hata salamu zake, wengine wamejitanda, wengine na rozari, wengine na shanga za mizimu viunoni, kila mmoja amekaa kwenye kigoda chake uani pake, na mbele yake binti wa watu mwenye kizibao anayemwuliza kwa adabu: na wale ambao hawapo? Alidhani hesabu ni jicho linaloangalia ghala. Hakuwa amewahi kudhani kwamba nchi, kubwa kiasi hiki, inaweza kumwuliza mama habari za marehemu wake. 

"Na mimi utaniuliza?" alisema.

"Na wewe, mama."

"Sitakupa idadi."

"Sawa, mama. Nipe unavyoweza."

Yuliana aliinuka. Alikwenda akasimama kando ya mlango wake, bega kwenye fremu, kama mtu anayengoja kitu kiingie kutoka malishoni.

"Stanislausi," alianza. "Edwin."

Dorah aliziba mdomo kwa khanga.

"Edwin alikuwa anapenda kulala na kuku. Nyanjura. Boke. Boke ndiye alikuwa mweupe kuliko wote, bibi yake alimwita Mwarabu. Magesa. Bwire. Na huyu Dorah hapa. Edwin na Boke walikwenda kwa surua. Sasa, binti yangu, kalamu ni yako na hesabu ni yako."

Esther aligusa kioo chake mara chache. Hakutamka namba.

"Dorah," Yuliana alisema, "mlete."

Dorah aliingia ndani, akatoka na mtoto aliyekunjwa katika kitenge. Alipovuka kizingiti, Yuliana alimwekea mtoto kiganja kichwani, akafanya ishara ya msalaba kwa kidole gumba, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye karai la vitumbua: "Huyu ni wetu. Ni mtoto wa Dorah, ni mjukuu wa Masatu. Mama yake alilala hapa, naye ni wa hapa. Mwandike."

"Jina?"

"Jina bado. Baba yake atakuja nalo kutoka Bunda."

"Nitaandika mtoto wa Dorah."

"Andika," Yuliana alisema, kisha akaongeza, "lakini andika polepole."

Jastin aliinua mkono. "Haya, kwa hiyo pale kwa Dotto na Mama Sikudhani tunafuta?"

"Futeni," Mama Sikudhani alisema. "Kwenye kitabu cha Mwenyezi Mungu hakuna kufuta."

"Mimi sijakubali," Dotto alisema. "Mtoto wa kuokotwa hatoki bure. Konzi yangu ya ulezi iko wapi?"

Yuliana aliingia ndani akatoka na ulezi wa Butiama, wa shamba la marehemu baba yake, si konzi moja bali bakuli zima. Alimmiminia Dotto kwenye upande wa khanga, kisha akaenda akammiminia Mama Sikudhani. Hakuna mila inayotaka mtoto akombolewe mara mbili. Lakini ndivyo alivyoona haki.

Wakati Esther anabandika karatasi ya alama mlangoni, alisema asante kwa wote, na Jastin akamwongoza kwenda ua unaofuata, huku akianza kumsimulia kisa cha mbuzi wake.

Mwisho wa Oktoba, mtoto akiwa tayari ana jina na mashavu, redio ilitangaza kwamba hesabu imekamilika. Yuliana alikuwa uani akichambua mchele, mjukuu miguuni pake kwenye mkeka. Aliomba watu wanyamaze. Dotto alizima jiko. Mtangazaji alisoma taratibu: milioni sitini na moja, mia saba arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini.

"Hiyo ishirini ya mwisho," Dorah alisema, "unadhani na sisi tumo humo?"

 Yuliana aliuweka ungo chini. Namba ile ilikuwa kubwa mno kushikika, lakini mwisho wake ulikuwa mdogo kiasi cha uani: ishirini, watu wa kutosha kula sinia chache pamoja. Walikuwa wamesoma mpaka mtu wa mwisho. Hawakusema "na ushei", hawakusema "kama hivi". Mtu mmoja akikosekana, mwisho ungekuwa mwingine. Alimfikiria baba yake langoni jioni, akijua ni yupi ambaye hajarudi.

Akamwinua mjukuu, akamgeuza uso kwake, akamtazama kwa muda mrefu, na mtoto naye akamtazama.

"Umo," alimwambia kwa Kizanaki. Kisha akarudia kwa Kijita, na kwa Kiswahili.

"Na kwa Kisukuma mwambie," Dotto alisema kutoka jikoni. "Mimi mmoja wangu walinifutia."

"Njoo umwambie mwenyewe," Yuliana alisema, akamnyooshea mtoto.